Barua Mbili za Mzee Zakariya

Shimanzi, Mombasa
Jumanne, 30 Juni 1998

Kwa Mzee Zakariya Aidarus,

Leo saa kumi jioni Mzee Zakariya Aidarus wa Dawati la Barua atafunga kabati lake la chuma kwa mara ya mwisho. Ameitumikia Chai ya Sandarusi miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tatu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na wanaomjua hawataihakiki. Wenzangu wa ukumbi wa kufungasha wameniomba nimwandikie barua hii ya kumuaga, isomwe leo mbele ya wageni na kuwekwa katika jarida letu. Sikusoma sana, lakini nimefanya kazi hatua ishirini kutoka mezani pake kwa miaka kumi na sita, nao wameona hiyo inatosha.

Mzee Zakariya alizaliwa Kuze, katika nyumba ile ile anayokaa hadi leo na mkewe Bimdogo. Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 27 Aprili 1964, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, kuhesabu makasha ya chai yanayoingia godauni. Wazee wa wakati ule walisema alihesabu kila kasha mara mbili, mara ya pili akianzia nyuma. Mwaka 1971 alihamishiwa ofisi ya usafirishaji, na mwaka 1978 akapewa barua za wateja, kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka.

Barua hizo zilikuwa za malalamiko. Mteja mmoja aliandika mara tatu kwamba chai yetu inanuka samaki, na mara tatu akatumiwa pakiti mpya. Barua ya nne ilipokuja, Mzee Zakariya alivaa kofia yake, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mteja, akakaribishwa jikoni. Chai ilikuwa imewekwa kapu moja na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Alirudi akaandika kwenye faili: "Chai nzima. Ng'onda nzima. Wamepewa nafasi mbalimbali." Mteja yule alinunua chai yetu mpaka alipofariki.

Lakini jina la Mzee Zakariya lilienea mjini kwa ajili ya kadi.

Kwa wageni wa leo ambao hawajapata kucheza, nitaeleza kwa ufupi. Tangu mwaka 1992, kila pakiti ya Sandarusi ina kadi moja ndani. Ziko kadi za aina tisini na sita. Mtu huzikusanya, hubadilishana na wenzake, kisha huchagua ishirini na tano anazozipenda na kushindana na mwenziwe. Kila mmoja kwa zamu yake huweka kadi moja mezani. Wa kwanza kuwa na bidhaa saba mezani, yaani kadi za viungo, vitambaa, samaki na mfano wa hivyo, ndiye mshindi. Kadi nyingine si bidhaa bali ni visa. Paka wa Sokoni huondoa samaki yeyote. Muuza Kahawa humpumzisha mpinzani zamu moja. Kinyonga huwa sawa na kadi iliyo ubavuni pake.

Kitabu cha sheria kilikuwa na kurasa nne. Bwana aliyekiandika aliona zimezidi. Shida ni kwamba kadi tisini na sita hukutana, na zikikutana huleta mambo ambayo mwandishi wa kurasa nne hakuyaota. Mwezi haukwisha, barua zikaanza kumiminika, nazo zikapelekwa kwa mtu wa barua.

Ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja aliyetaka kujua kama Paka wa Sokoni anaweza kumwondoa Papa, maana mumewe alikuwa amekataa katakata kwamba paka atamla papa, na hawakuwa wakisemezana tangu Jumapili. Mzee Zakariya alijibu kwamba kadi imesema samaki yeyote, papa ni samaki, basi paka na ale, na mume na mke wasemezane.

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Muuza Kahawa, kama alivyo Paka, anaweza kuwekwa mezani hata kama si zamu yako. Wanaume wawili hapa Shimanzi walimweka kwa kufuatana, kila mmoja akampumzisha mwenziwe, kisha kila mmoja akakaa kumngoja mwenziwe acheze. Walikaa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Barua haikuandikwa na wao, iliandikwa na mwenye mkahawa, akiomba msaada kwa sababu meza ilikuwa inahitajika. Jibu lilikuwa hivi: kahawa iliyomiminwa kwanza hunywewa kwanza. Aliyemiminiwa kwanza apumzike, akimaliza mwenziwe apumzike, mchezo uendelee, na meza irudi kwa mwenyewe.

Halafu kukawa na swali la vinyonga wawili waliowekwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja akiwa anamfuata mwenziwe. Swali hilo lilimchukua siku tatu. Tulimwona akiwatazama wale vinyonga mezani kama mtu anayetazama maji yasiyotaka kuchemka. Siku ya tatu aliandika: "Vinyonga wakitazamana wao kwa wao hawana rangi. Wahesabiwe kadi tupu mpaka ije ya tatu iwape cha kufuata." Niliambiwa kwamba katika madrasa moja ya Kuze maalimu aliwasomea wanafunzi jibu hilo kuwafundisha hatari ya kuigana.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Swali likija, alitoa kadi zenyewe mtotoni mwa meza, akazipanga kama mwulizaji alivyoeleza, akacheza. Hakupata kujibu kwa kichwa tu. Kisha alifungua faili kuona kama swali lile, au nduguye, liliwahi kuulizwa. Kila jibu alilotoa aliliwekea karatasi ya kaboni, na nakala ikaingia failini kwa jina la kadi. Akishajibu, jibu ni moja kwa watu wote, awe mchukuzi wa Shimanzi au bwana mkubwa wa Kizingo.

Faili hilo aliliweka juu kabisa ya kabati, ambako yeye mwenyewe hafiki, kwani Mungu hakumpa urefu. Alipoulizwa kwa nini asiliweke chini, alisema faili likiwa karibu mtu hulisoma kwa haraka, lakini akilifuata juu hupata nafasi ya kuwaza njiani.

Aliyekuwa akimshushia ni marehemu mume wangu, Kenga, mzaliwa wa Kaloleni, dereva wa lori namba tatu. Kenga alikuwa mrefu hata akiingia ofisini huinama. Kila siku saa saba akirudi kutoka bandarini alikwenda kwenye meza ya Mzee Zakariya, akashusha faili kwa mkono mmoja, akakaa upande wa pili wa meza kuwa mpinzani. Mtu hawezi kucheza pande mbili peke yake bila kujipendelea, alisema Mzee Zakariya, na Kenga alikuwa na sifa moja kubwa ya mpinzani: hakukubali kushindwa mpaka aonyeshwe maandishi. Ofisi nzima ilisikia.

"Mzee, hapo umenidhulumu."

"Nimekudhulumu wapi? Soma kadi."

"Kadi naisoma. Wewe ndiye unayeisoma kwa miwani ya Kuze."

"Basi vaa ya Kaloleni, bwana, tuone kama herufi zitahama."

Walikula pamoja. Bimdogo alileta mahamri na mbaazi za watu wawili, na Kenga alikula kama watu wawili, kwa hivyo Mzee Zakariya akawa mara nyingi anashindia chai. Jioni Kenga alirudi nyumbani na kadi mfukoni mwa shati. Nimefua Vinyonga wangapi, sijui. Mmoja ninaye mpaka leo, amekwajuka, hana rangi hata moja.

Kenga alifariki Alhamisi, tarehe 16 Machi 1995, baada ya kuugua wiki mbili. Tulimzika Jumapili huko kwao Kaloleni. Sitasema mengi, hii ni siku ya furaha. Nataka tu ijulikane kwamba Bimdogo aliendelea kupika mbaazi za watu wawili siku arubaini, na sehemu ya pili ilikuja kwangu, kwenye kibakuli chenye kifuniko cha bluu, bila neno.

Ni mwaka huo huo ambapo Mzee Zakariya alionekana akitembea kutoka Kuze mpaka Shimanzi akiwa na kigoda cha jikoni kwapani. Malori yalimpigia honi. Tulicheka sana. Kigoda kilikuwa cha Bimdogo, naye amekidai miaka mitatu, akituma salamu kwa kila anayepita kwamba anakuna nazi hali amechutama. Hatukuuliza kigoda ni cha nini. Tulimwona akikipanda kushusha faili, tukaona ni jambo la kawaida.

Sasa nije kwenye fainali ya mwaka 1996, ambayo watu wengi wanaisimulia, na wengi wanaikosea.

Mwaka huo kampuni ilitangaza mashindano ya kisiwa kizima. Watu mia tatu na ushee walijiandikisha. Mambo yalikuwa mazuri mpaka kwenye mechi za robo fainali, ambapo watu wawili walivutana mashati juu ya Kinyonga, na habari ikamfikia Meneja wetu mpya. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kelele. Alisimama ukumbini akasema kampuni inauza chai, haiuzi ugomvi. Fainali ikiisha kwa ugomvi, kadi zitakoma mwezi unaofuata. Ukumbini tulikuwa wanawake kumi tuliokaa kwenye meza ya kutia kadi katika pakiti, mimi nikiwa mmoja wao. Kadi zikikoma, kazi yetu imekoma. Alisema tangazo tayari limeandikwa, akagusa mfuko wa shati.

Basi Jumamosi asubuhi, tarehe 24 Agosti, godauni la pili lilifagiliwa, makasha yakapangwa kuwa viti. Watu wa Kuze walikuja kwa miguu, wengi, na Bimdogo akakaa mstari wa mbele na wenziwe. Watu wa Kizingo walikuja na magari yao wakaegesha kwa taabu kati ya malori. Waliofika fainali ni wawili. Mmoja ni Mwanaesha, fundi cherehani wa Kuze, ambaye hucheza haraka kama anavyoshona. Wa pili ni Mwalimu Barnabas, anayefundisha hesabu Kizingo, ambaye hucheza kana kwamba kila kadi ni mtihani wa mwisho. Mwamuzi alikuwa Mzee Zakariya, katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

Mwanaesha alikuwa na kadi inayoitwa Mlango wa Nakshi. Kadi hiyo inasema bidhaa zilizo nyuma ya mlango haziondoki mezani. Nyuma yake alikuwa amepanga bidhaa sita. Ilimbakia moja tu ashinde. Mwalimu alikuwa na tatu. Kuze walikwisha kuanza vigelegele.

Hapo Mwalimu Barnabas akavuta pumzi, akaweka Mvua ya Masika. Kadi hiyo ni nzito, inasema kila kadi iliyo mezani irudi mkononi mwa mwenyewe. Akazoa tatu zake, akakunja mikono, akangoja Mwanaesha azoe sita zake na mlango wake.

Mwanaesha akazoa mlango peke yake.

"Na hizo sita?" Mwalimu akauliza.

"Hizo zilikuwa ndani, Mwalimu. Hazikurowa."

"Mlango umeondoka. Ndani ni wapi tena?"

"Mvua iliponyesha mlango ulikuwapo. Nami sisemi kwa mdomo, nina barua." Akatoa mkobani barua ya Novemba 1993, imekunjwa mara nne, ina muhuri wa kampuni na saini ya Zakariya Aidarus. Inasema mvua hunyeshea kadi zote kwa pamoja, basi zilizo nyuma ya mlango hubaki mezani, na mlango wenyewe hurudi.

Mwalimu aliisoma mpaka mwisho. Kisha akatia mkono katika koti, akatoa barua yake. Machi 1995. Muhuri ule ule, saini ile ile. Inasema mlango huondoka kwanza, na vilivyo nyuma yake huufuata.

Nilimtazama Meneja, mkono wake ulikuwa umefika mfukoni. Nilitazama wenzangu tisa.

Karani mmoja wa ofisi ya mbele, ambaye sitamtaja kwa kuwa leo ndiye aliyegharamia keki, alimwinamia mwamuzi akanong'ona, lakini pale mbele tulisikia: "Mzee, sema ya pili si yako. Muhuri ule hukaa mezani, hata mimi ningeweza kuupiga."

Mzee Zakariya alimtazama kama mtu aliyetiliwa chumvi katika chai. Akasimama, akazisoma barua zote mbili kwa sauti, taratibu, bila kuruka hata tarehe.

"Barua hizi mbili ni zangu," akasema. "Mkono ni wangu, muhuri nimeupiga mimi. Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Ukurasa wa tatu wa kitabu unasema kadi ikisema kila kadi, basi zote hutendewa pamoja. Kwa hivyo ya Mwanaesha ni sawa, na ya Mwalimu ni kosa. Kosa ni langu."

Kuze wakaruka. Mlango ukiwa umerudi mkononi na bidhaa sita zikiwa mezani, zamu moja tu ingemaliza kazi. Lakini Mzee Zakariya hakukaa.

"Sijamaliza. Mwalimu aliuliza kabla ya kucheza, kama tunavyowaomba watu wote wafanye. Akajibiwa na kampuni. Akacheza kwa jibu alilopewa. Mtu aliyeuliza njia akapotezwa hatumwambii umepotea, tunamrudisha alipouliza. Mwalimu achukue Mvua yake, arudishe tatu zake. Mwanaesha arudishe Mlango wake. Mwalimu acheze kadi nyingine."

Kelele za hapo zilisikika mpaka barabarani.

"Mwalimu! Mvua ikishanyesha yarudi mbinguni?"

"Wapi mumeona maji yakazoleka nyinyi!"

"Hiyo mvua ya Kizingo ndiyo hurudi, yetu huku hutuharibia vyombo!"

Na sauti iliyopita zote ilikuwa ya Bimdogo. "Zakariya! Mtoto wa watu ashashinda, wewe wamtia safari nyingine!"

"Bimdogo," Mzee Zakariya akamjibu mbele ya watu mia tatu, "yangu nitayasikia nyumbani. Hapa naamua." Watu wakaangua kicheko, hata wa Kizingo. Kisha akawageukia waliopiga kelele. "Mvua hairudi mbinguni, ni kweli. Lakini hii hakuileta Mwalimu. Niliiita mimi, kwa barua. Nami ndiye ninayeirudisha."

Bado ugomvi ungeweza kuzuka. Uamuzi ulikuwa umemgharimu Mwanaesha ushindi ulio mkononi, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa. Aliichezea barua yake, akaikunja tena mara nne.

"Ami Zakariya," akasema, "barua ile ya pili lau ningeletewa mimi, ningeipiga mvua hiyo hiyo. Haya, Mwalimu, zoa maji yako. Lakini mvua yako nshaiona iko wapi. Usidhani nitasahau."

Mwalimu Barnabas aliinuka akampa mkono, kisha akaichukua Mvua yake kwa aibu kama mtu aliyeokota kiatu chake uani kwa watu. Wakaendelea. Akamchelewesha Mwanaesha kwa Muuza Kahawa mara mbili, akamletea Paka kwa samaki aliyetaka kumweka kabla hajaingia nyuma ya mlango, akapanda kutoka tatu hadi sita. Watu walisimama juu ya makasha. Mwishowe Mwanaesha akaweka Chumvi, kadi ambayo kila mtu mjini anayo na hakuna anayeitaka, ikawa ya saba.

"Nimeponea mvua, nimekufa kwa chumvi," akasema Mwalimu, na godauni zima likashangilia, pande zote mbili. Mwanaesha alipewa baiskeli. Kwa kuwa hajui kuendesha, aliisukuma mpaka Kuze, na Mwalimu akamshikia usukani njiani akimwelezea hesabu ya mahali alipokosea.

Meneja alimfuata Mzee Zakariya akamuuliza ilikuwaje mtu makini kama yeye akajibu swali moja namna mbili. Tulikuwa karibu. Mzee Zakariya akajibu maneno mawili: "Sikufungua faili." Hakuongeza. Meneja akatoa lile tangazo mfukoni, akalikunja upya na kwenda nalo. Kadi ziko hadi leo. Wanawake wa meza ya kadi sasa ni kumi na wanne.

Baada ya fainali Mzee Zakariya alipitia nakala zote, elfu moja mia moja na kumi na saba, kuona kama kuna jozi nyingine ya namna hiyo. Ilimchukua mpaka Novemba. Hakupata.

Hapa ndipo watu hukosea. Wanasema uzee ulikuwa umeanza, au kwamba alichoka. Mwezi uliopita nilipoteuliwa kukaa kwenye Dawati la Barua baada yake, alinikabidhi faili. Nikapanda kigoda, nikalishusha, nikafungua penye Mlango wa Nakshi. Nakala ya barua ya Mwalimu ilikuwapo. Siku ya fainali nilisikia mwezi na mwaka, siku yenyewe sikuishika. Safari hii niliisoma. Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995.

Jumapili ya tarehe 19 Mzee Zakariya alikuwa Kaloleni, kanzu imejaa vumbi jekundu, ameshika koleo pamoja na vijana na kukataa kumpa mtu. Jioni akarudi mjini. Kumbe Jumatatu alikaa mezani pake na kujibu barua kumi na nne zilizokuwa zimerundikana, kwa sababu watu walikuwa wakingoja. Faili lilikuwa juu. Hapakuwa na wa kulishusha. Hapakuwa na mtu upande wa pili wa meza wa kumwambia, Mzee, hapo umenidhulumu.

Siku ya fainali angeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye asingemsamehe. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nadhani ndiyo sababu hakusema.

Nilimwonyesha tarehe. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanzu. "Siku ya pili yake ndipo nilipoleta kigoda," akasema. Kisha akanifundisha mahali pa kuweka karatasi za kaboni zisikunjamane.

Mzee Zakariya anarudi Kuze kupumzika. Bimdogo ametoa sharti kwamba barua haziingii nyumbani, lakini nasikia tayari kuna watu wawili barazani na swali la Paka, na kwamba ni yeye aliyewapa kahawa. Tunamshukuru kwa miaka yote, kwa kila jibu lililokuwa moja kwa watu wote, na kwa kutufundisha kwamba aliyekosea anaweza kusimama mbele ya watu, akasema, na siku ikaendelea kuwa nzuri.

Mzee wetu, Mungu akupe afya, akupe mpinzani asiyekubali kushindwa, na siku zako ziwe na utulivu wa bidhaa zilizo nyuma ya mlango. Kigoda Bimdogo ametuachia, kwa masharti kwamba tumnunulie kingine, na tumekinunua, atakipokea leo.

Ukikaa na kadi zako, weka kiti upande wa pili, umkumbuke Kenga. Nasi wa Shimanzi, utukumbuke.

Ni mimi Mapenzi, mke wa marehemu Kenga
Ukumbi wa Kufungasha